Nimeachwa nyuma na ratiba ya kusoma Biblia, na sasa naikwepa jumuiya

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza chakula karibu na stendi ya Msamvu hapa Morogoro. Ni Mlutheri tangu utoto na ninaimba kwaya. Nakuandikia kwa sababu nina jambo linalonikosesha amani, na nyumbani sina wa kumwambia kwa sasa.

Mwezi wa kwanza usharikani kwetu tuligawiwa karatasi ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Kila siku sura tatu, siku nyingine nne, ukimaliza unatia tiki. Kila Alhamisi kwenye jumuiya kiongozi anauliza nani yuko sambamba na ratiba. Walio sambamba wanasimama, wanapigiwa makofi. Januari nilisimama na mimi. Kitabu cha Mwanzo nilikipenda mno, hata wateja wangu niliwasimulia habari za Yusufu. Kutoka nilienda nacho vizuri mpaka nilipofika kwenye mapazia na vitanzi vya hema. Walawi nilijikokota. Hesabu sura ya saba ndiyo iliyonimaliza. Sahani ya fedha, bakuli la fedha, sahani ya fedha, bakuli la fedha, mpaka nikadhani nimerudia ukurasa. Wenzangu sasa wameshaingia Zaburi, mimi bado niko palepale.

Si kwamba sitaki. Siku yangu inaanza saa tisa na nusu usiku. Nakanda unga wa maandazi, naufunika, na wakati unaumuka nakaa kwenye kigoda nachambua maharage ya mchana huku mkaa unashika. Halafu nakata, nakaanga, nachemsha chai. Kabla ya saa kumi na mbili niko kijiweni, maana makonda na wapiga debe wanataka chai mapema, na abiria wa mabasi ya kwanza nao. Inapofika saa nne wateja wanapungua, napumzika kidogo kabla ya kuinjika wali. Hapo ndipo nashika simu: kama mume wangu ametuma ujumbe, magrupu, michango ya harusi na misiba. Saa tisa nafunga, napita sokoni, narudi nyumbani kwa watoto. Jumanne na Jumamosi nina kwaya, Jumatano kikoba, Alhamisi jumuiya. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma na kuvuka Zambia, akiondoka anakaa wiki mbili au zaidi.

Nimejaribu kusoma usiku kabla ya kulala. Nasinzia. Binti yangu wa kidato cha pili ndiye anayeiokota Biblia sakafuni na kuzima taa. Nimejaribu kulipia Jumapili, sura kumi kwa mkupuo, na nilipofunga kitabu sikukumbuka hata jambo moja. Halafu Mwalimu, mimi niliishia la saba. Nasoma taratibu, na maneno mengine kwenye Biblia yangu ni magumu.

Nilimweleza mama mmoja mkubwa kanisani, ninayemheshimu. Akaniambia, "Shida yako ni roho ya Martha, umezidisha masufuria." Sikumjibu, lakini niliumia sana, kwa sababu masufuria hayo ndiyo yanayolipa ada.

Sasa naona aibu kwenda jumuiya. Mara nasema nina kichwa, mara mtoto anaumwa. Wiki hizi sijaenda kabisa. Nifanyeje ili nisome Neno kila siku na maisha haya? Na je, Mungu ananihesabia deni la sura zote hizo nilizoziruka?

Mama Lishe, Morogoro

JIBU

Marahaba, dada yangu. Amina, Bwana asifiwe.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuelemea kuliko yote. Hapana, Mungu hakuhesabii deni la sura. Deni la kikoba hulipwa hata kama ni kwa kuuza kuku, lakini sura ulizoziruka hazilipwi. Ziache. Usizitafute tena Jumapili kwa mkupuo. Karatasi ile ikunje uiweke mahali, au mrudishie kiongozi kwa heshima, na kuanzia kesho uwe mtu asiyedaiwa.

Silidharau jambo la ratiba. Wapo niliowaona wakiipitia Biblia yote kwa karatasi kama hiyo na wakafaidika sana. Lakini ratiba ni utaratibu uliotungwa na watu, na watungaji wake wenye hekima walijua inaweza kuumiza. Mwaka 1842 mchungaji kijana wa Scotland, Robert Murray M'Cheyne, aliwaandalia washarika wake wa mji wa Dundee mpango wa kusoma sura nne kwa siku. Mpango huo unatumika hadi leo duniani kote. Pamoja na faida zake, yeye mwenyewe aliwaandikia hatari zake: kusoma kwa desturi tu, kujiona mwema kwa sababu umetimiza sehemu ya siku, kusoma bila makini, na kwa wengine mpango wenyewe kugeuka nira nzito isiyobebeka. Hiyo nira ndiyo uliyoibeba wewe tangu Februari.

Na hizo sura unazotia tiki, manabii na mitume hawakuziandika kama sura. Mgawanyo tunaoutumia unatokana na kazi ya Stephen Langton, msomi wa Biblia kutoka Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za aya katika Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Vinatusaidia kutafuta mahali haraka, basi. Hakuna andiko linalomwamuru mtu sura tatu kwa siku.

Sasa hilo la Martha. Ninamheshimu mama aliyekuambia, na naamini alikutakia mema, ila nadhani alisoma Luka 10, pale Martha anapohangaika na utumishi huku Mariamu dada yake ameketi kumsikiliza Bwana, akaishia hapo. Ukiisoma habari ile polepole utaona Bwana hakumkemea Martha kwa kupika. Alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Watu walikuwa nyumbani, wamechoka na safari, na bila shaka walihitaji kula. Kisha endelea mpaka Yohana 11. Lazaro amekufa, Mariamu amebaki ndani, na Martha ndiye anayetoka kwenda kumlaki Bwana njiani. Ni Martha anayesema, "Naam, Bwana, mimi nimesadiki ya kwamba wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu." Ukiri huo unasimama pamoja na ule wa Petro, na umetoka kinywani mwa mwanamke wa jikoni. Fungua na Yohana 12, mwanzoni kabisa. Wamemwandalia Bwana karamu kule Bethania, na imeandikwa kwamba Martha alitumikia. Bado anapakua, na safari hii Bwana hamwambii neno lolote la kumrudi. Kazi ilikuwa ileile, Martha ndiye aliyekuwa ametulia.

Na kuna mahali pengine ninapotamani upafike wewe hasa, dada yangu, kwa kazi unayoifanya. Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha hawakupata kitu. Wanapofika nchi kavu kumepambazuka, wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyefufuka ameshawasha moto, anawaambia waje wafungue kinywa. Mwenye uweza wote mbinguni na duniani aliwaandalia chai ya asubuhi wavuvi waliotoka kazini. Soma hapo siku utakayosikia tena mtu akiyadharau masufuria yako. Na Mithali 31, ile inayosomwa kila kukiwa na sherehe ya wanawake, inamsifu mwanamke anayeamka kabla usiku haujaisha awape watu wake chakula.

Hata hivyo Luka 10 inabaki pale ilipo. Mariamu aliketi akasikiliza, na Bwana akasema amechagua fungu lililo jema. Nawe unalitaka fungu hilo, usingeniandikia kama hulitaki. Kwa hiyo nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta ni wapi katika siku yako unaweza kuketi ukasikiliza, na nimepaona. Umepataja mwenyewe kwa kupita tu.

Umesema unga ukiwa unaumuka, unakaa kwenye kigoda unachambua maharage. Nyumba imelala, simu haiiti, hakuna mteja. Mikono ina kazi lakini masikio hayana. Watu wengi wanaoshauri habari za kusoma Neno wanasema "amka alfajiri", kana kwamba alfajiri ya kila mtu iko wazi. Yako haiko wazi, ina maandazi. Ila ina kigoda hicho, na hapo Neno linaweza kuingia kwa sikio.

Usidhani kusikiliza ni kusoma kwa daraja la pili. Paulo anawaambia Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Katika Nehemia 8, Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti akasoma torati mbele ya watu tangu mapambazuko hata adhuhuri, na watu walilia kwa kusikia tu, hakuna aliyekuwa na nakala mkononi. Ufunuo unamwita heri asomaye na wale wasikiao. Kwa karne nyingi Mkristo wa kawaida hakuwa na Biblia nyumbani, na kwetu ni karibuni zaidi: Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891. Wakristo wa kwanza wa nchi hii wengi walilipokea Neno kwa kulisikia likisomwa kanisani na kulirudia shambani.

Kwa hiyo fanya hivi. Zipo programu za Biblia za simu zisizo na malipo zenye sauti ya Kiswahili. Binti yako wa kidato cha pili atakutafutia moja kwa dakika chache. Kama bando linasumbua au simu yako ni ndogo, mtafute mtu mwenye Biblia ya sauti akuwekee kwenye memori kadi. Usharikani hamkosi kijana wa kufanya kazi hiyo, na memori kadi hiyo inaingia hata kwenye zile spika ndogo za mkononi. Ukishaufunika unga, ukishakaa kwenye kigoda, washa. Iwe ndivyo kila usiku: unga umefunikwa, sauti inawaka. Usiangalie saa, kwa sababu siku nyingine utachelewa kuamka na siku nyingine hamira itakuwa nzito, lakini unga utaufunika tu. Jambo jipya likifungwa kwenye kazi ambayo tayari huikosi, halihitaji kukumbushwa.

Sikiliza sura moja. Kwa kitabu kama Marko, sura nyingi hazimalizi dakika kumi. Kisha usiku unaofuata rudia sura hiyohiyo, na usiku wa tatu tena. Najua itakuwa kinyume na mbio za karatasi ile. Lakini mtu anayechambua maharage akili yake huondoka kidogo, ikarudi, ikaondoka tena, na usiku wa tatu utasikia neno ambalo siku ya kwanza lilikupita. Sauti iwe ndogo, majirani wanalala. Na kijiweni nakuomba usiwashe. Wateja wako ni wa dini zote, wanakuja kula kwa amani, na Neno lisipigwe kama tangazo la barabarani.

Mahali pa pili ni saa nne. Hapa nitakuambia ukweli kwa upendo. Umesema unapumzika kabla ya kuinjika wali, na unashika simu. Mumeo yuko barabarani, mtazame kwanza, hilo ni haki yake na yako. Lakini baada ya hapo yanakuja magrupu, na grupu halina mwisho. Mtu anafungua aya ya siku aliyotumiwa, chini yake kuna picha ya harusi, chini yake mchango, chini yake ugomvi wa mchango, na muda umekwisha. Kwa hiyo saa nne usisome kwa simu. Nunua Agano Jipya dogo la karatasi, liweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko ili mafuta yasiliharibu, likae kijiweni siku zote. Ujumbe wa mume kwanza, kisha sura moja, kisha magrupu kama muda umebaki. Kama hujamaliza sura na mteja ameagiza, weka kijiti cha meno hapo ulipofika, mhudumie. Sura itakusubiri.

Nikupe hesabu moja ya kukutia moyo. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili usipoligusa kabisa, kwa wiki 52 umelimaliza lote. Siku tano mara wiki 52 ni 260 kamili. Wewe unayesoma taratibu, baina ya chai na wali, unaweza kuwa umesoma Agano Jipya zima mwakani wakati kama huu. Na ukichukua miaka miwili, hakuna ubaya wowote.

Kuhusu kusoma taratibu, usilionee aibu hata kidogo. Soma kwa sauti ya chini, midomo ikitembea. Anayesoma hivyo huyapitia maneno yote, wakati sisi tuliozoea vitabu tunaruka mistari tukidhani tunajua kinachofuata. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na hakuna kutafakari kwa haraka.

Kuhusu maneno magumu, nadhani unatumia Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, ambayo makanisa yetu mengi yanaitumia ibadani. Ninaipenda, na aya nilizozishika kwa moyo ni za humo. Lakini kwa kusoma peke yako jaribu Biblia Habari Njema. Imetafsiriwa kwa Kiswahili cha kawaida na kutolewa na vyama vya Biblia kwa ushirikiano wa Waprotestanti na Wakatoliki, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba si Biblia kamili. Ukikuta ina vitabu vingine katikati usivyovizoea, ni vile ambavyo Wakatoliki wanavihesabu katika Agano la Kale. Ukipenda, sikiliza Union usiku na usome Habari Njema saa nne. Sura ileile kwa maneno ya namna mbili itakueleweka vizuri zaidi.

Usiku kabla ya kulala, achana napo. Umeamka saa tisa na nusu, umesimama kwenye moto siku nzima, mwili unadai haki yake. Zaburi 127 inasema ni bure kuamka mapema na kukawia kwenda kulala, ukila chakula cha taabu, kwa maana Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Wewe unaamka mapema kwa lazima, basi usijiongezee na kukawia kulala. Ukitaka neno la mwisho kabla ya kufumba macho, chukua Zaburi ya 131 au ya 134. Kila moja ina aya tatu tu. Baada ya juma moja utakuwa umezishika na hutahitaji taa.

Uanzie wapi? Anza na Marko. Ina sura 16, inakwenda upesi, Bwana anatembea, anaponya, anakula na watu, anachoka na kulala ndani ya chombo. Ukimaliza Marko soma barua kwa Wafilipi, sura nne, iliyoandikwa na Paulo akiwa kifungoni na bado imejaa furaha. Kisha Ruthu, sura nne pia. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, anaokota masazo ya shayiri shambani mwa watu ili yeye na mama mkwe wale. Nadhani utamwelewa kuliko wahubiri wengi.

Hesabu utairudia siku ukiwa na nafasi, na nisingependa uiache na kinyongo, kwa hiyo nikueleze kidogo ile sura ya saba iliyokushinda. Ni sura ndefu, ina aya 89. Wakuu 12 wa makabila wanaleta sadaka ya kuizindua madhabahu, kila mmoja kwa siku yake, na sadaka zote zinafanana: sahani, bakuli, kijiko cha dhahabu, wanyama. Mwandishi angeweza kusema "wote 12 walileta hivi" akamaliza kwa mstari mmoja. Hakufanya hivyo. Kila mkuu ametajwa jina lake, na sadaka yake imeandikwa yote tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuileta. Asiyejua ataona marudio. Mimi naona kwamba mbele za Mungu sadaka ya mtu wa 12 haikufupishwa kwa sababu 11 wametangulia. Wewe unayeona aibu kwa kuwa wenzako wametangulia, sura hiyo inakuhusu. Na rudi nyuma ukurasa mmoja, mwisho wa sura ya sita: "Bwana akubariki, na kukulinda." Ndiyo baraka unayotamkiwa kanisani mwisho wa ibada. Umekuwa ukiisikia Hesabu tangu utoto.

Kuna jambo moja ambalo huenda hulitarajii. Jumanne kwaya, Jumatano kikoba, Alhamisi jumuiya, Jumamosi kwaya tena. Kikoba ni uchumi wa nyumba, sikigusi. Jumuiya usiiache. Lakini kwaya mara mbili kwa wiki, na mumeo hayupo, na watoto watatu, na kazi ya saa tisa na nusu usiku? Mweleze mwalimu wa kwaya kwamba kwa miezi kadhaa utakuja siku moja tu ya mazoezi. Atanung'unika, mvumilie. Utumishi wa kanisani nao unaweza kumjaza mtu mpaka akose muda wa kumsikiliza anayemtumikia, na kwa sababu unaitwa utumishi hakuna anayethubutu kuugusa. Jioni hiyo uliyoipata usiijaze kitu kingine. Kaa na watoto. Mwombe binti yako awasomee nyote sura moja kwa sauti. Paulo alipomkumbusha Timotheo imani yake, alimtajia bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na akasema kwamba tangu utoto ameyajua maandiko matakatifu. Kwenu itakuwa binti anawasomea mama na wadogo zake, na ni vema vilevile.

Sasa jumuiya. Kati ya yote uliyoniandikia, hili ndilo lililonihuzunisha, kwamba karatasi ya kukuleta kwenye Neno imekufukuza kwenye kusanyiko la Neno. Nenda Alhamisi hii. Kabla ya siku hiyo mpigie kiongozi, mwambie kwa upole, "Ratiba ya mwaka imenishinda kwa sababu ya kazi yangu, nimeanza Marko taratibu, ninaomba mniombee." Hakuna aibu ndani ya maneno hayo. Nanyi viongozi mnaosoma safu hii, nawasihi kabisa: acheni kuwasimamisha watu kwa hesabu ya sura. Anayesimama hafundishwi kitu kwa makofi, na aliyeketi anaondoka moyoni kabla hajaondoka kwa miguu. Ulizeni badala yake, "Nani amekutana na neno wiki hii lililomsaidia, au lililomtatiza?" Mtashangaa ni akina nani watakaofungua vinywa.

Maana Neno halikukusudiwa liliwe na mtu peke yake. Katika Matendo 8 kuna mkuu wa hazina wa malkia wa Kushi, ametoka Yerusalemu, anarudi kwao kwa njia ya Gaza, ameketi garini mwake akisoma Isaya. Filipo anamuuliza kama anaelewa anachosoma. Anajibu kwamba hawezi kuelewa mtu asipomwongoza, na anampandisha Filipo aketi naye. Alikuwa msomi, mwenye cheo, na hakuona haya kusema sielewi. Kwa hiyo ukiwa kijiweni na Agano Jipya lako, ukikuta pagumu, piga mstari kwa kalamu, upeleke Alhamisi. Kwa mfano Marko 11, Bwana anaulaani mtini usio na matunda, na palepale imeandikwa haukuwa wakati wa tini. Uliza hilo. Jumuiya yenu itakuwa na jioni nzuri.

Na kwa kuwa mtu huyo wa Kushi alikuwa safarini, nimemkumbuka mume wako. Akirudi, mtengenezee naye memori kadi yenye Marko. Kutoka Morogoro mpaka Tunduma barabara ni ndefu, na foleni ya mpakani anaijua mwenyewe. Kubalianeni muwe sura moja, wewe ukiwa na maharage yako, yeye akiwa kwenye lori, na akipiga simu jioni muulizane mmesikia nini kabla hamjafika kwenye habari za ada na mzigo.